Mzee wa Rasimu na Barua Saba za Viazi

Habari kwamba Mzee wa Rasimu ametutoka ilinikuta ndani ya ghala langu la viazi huko Kibirichia, nimechutama nyuma ya mtambo wa baridi, wanafunzi wa chuo kikuu wamenizunguka, nami niko katikati ya kuwaeleza jinsi kompresa inavyobadilisha sauti siku chache kabla ya kuharibika. Simu ikatetema mfukoni. Ujumbe ulikuwa wa mama wa maabara, mwenzangu wa kazi, mwanamke asiyepoteza neno: "Fundi, Mzee wa Rasimu amelala leo asubuhi kwake Kibugu. Hakuteseka. Funga huko uje." Nikawaambia wanafunzi kipindi kimekwisha, nikatoka nje, nikaegemea ukuta. Na hapo, wasomaji wangu, nitasema ukweli hata kama utanishushia heshima: nilicheka. Nilicheka mpaka mlinzi wa ghala akaja kuuliza kama nimepigwa na umeme. Sikuwa nakicheka kifo. Nilikuwa nimemwona tena yule mzee, amesimama mbele ya ukumbi uliojaa maprofesa mjini Meru, barua saba mkononi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, anauliza kwa upole kabisa ni sehemu gani ya Kiritiri inayolima viazi.

Kwa asiyeijua Kiritiri, ni mji wa soko kule Mbeere, nchi ya jua, mbuzi, ndengu na makaa. Kiazi ukikipanda huko utakivuna kikiwa kimeshachomwa. Lakini ili mfurahie swali hilo kama nilivyolifurahia mimi nikiwa nimeegemea ukuta, itabidi nianze nyuma, na nikianza nyuma itabidi nianze na mimi mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kunisumbua.

Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba sikuletwa mjini na mjomba. Nilitoka Kibirichia na jozi moja ya viatu nikaenda kuangukia Uholanzi, nchi inayokijua kiazi kuliko mama yake. Nilianza kwa kuosha makreti. Nikapanda kuwa mpakiaji, nikapanda kuwa msaidizi wa fundi, nikasomea diploma ya mitambo ya baridi kwa lugha ambayo wenyewe huikohoa badala ya kuitamka, nikafaulu, tena vizuri, cheti kiko ukutani na kioo chake kinafutwa kila Jumatatu. Kisha nikarudi nyumbani, mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu, nikajenga ghala la viazi lenye ubaridi wa kweli, ambalo wataalamu walikuja kulipiga picha. Haukupita muda kampasi moja ya chuo kikuu upande wa Meru ikaniomba nifundishe wanafunzi wa teknolojia ya chakula kazi ya mikono. Nikakubali. Mtoto wa mkulima mwenye diploma moja anaitwa mwalimu wa chuo kikuu. Mama yangu alitangaza kanisani.

Enzi hizo kila mji wenye jengo la ghorofa tatu ulikuwa na kampasi. Nakumbuka moja iliyokuwa juu ya duka la pembejeo, ambako wanafunzi wa sheria walinusa dawa ya kuogeshea ng'ombe muhula mzima. Ndipo nchi jirani kadhaa zilipounda kamati ya kutengeneza upya viwango vya pamoja vya ubora wa elimu ya juu, ili digrii ya upande mmoja wa mpaka isichekwe upande wa pili. Kabla viwango hivyo havijapitishwa, kila chuo kilitakiwa kuisoma rasimu na kutoa maoni kwa maandishi. Aliyetumwa kuzunguka Meru na Embu kukusanya maoni alikuwa mhadhiri mstaafu, mkulima wa chai kutoka Kibugu, mtu mwembamba mwenye koti la kijivu, aliyebeba nakala za rasimu kwenye gunia safi la chai kwa sababu, alisema, mikoba ya ofisini hukatika mikanda. Ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee wa Rasimu. Na alikuwa na swali moja. Ukimwambia rasimu ni nzuri, aliuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Ukimwambia ni mbaya, aliuliza vilevile. Watu wengi walibadilisha mazungumzo hapo hapo.

Sasa niwaeleze tabia yetu moja. Huku kwetu mlimani, karatasi iliyotoka mbali hupokewa kama mgeni. Inaketishwa pazuri, inashukuriwa, inafunguliwa kwa maombi, inasindikizwa mpaka barabarani. Kuikosoa mbele ya aliyeileta ni kukosa adabu. Upinzani huanza gari lake likishapinda kona, na unaweza kuendelea kwa miaka. Kwa hiyo rasimu ilipofika kampasi yetu, mkuu wa kampasi hakuuliza nani ataisoma. Aliuliza nani ataijibu vizuri. Akaniita ofisini. "Fundi, wewe umekaa Ulaya, unajua lugha ya hawa watu wa ubora. Niandikie kitu cha heshima. Ijumaa iwe hapa mezani." Kwenye korido ile kulikuwa na madaktari wanne wa falsafa, naye akaniita mimi. Nilitoka pale nimerefuka.

Rasimu ilikuwa nene kama tofali. Nilisoma orodha ya yaliyomo, nikasoma vichwa, nikabonyeza aya hapa na pale kama mtu anayechagua parachichi sokoni, nikaanza kuandika. Kurasa tatu zilitoka kwa mkao mmoja. Nilizungumzia maktaba. Nilizungumzia vyoo kwa lugha ya hali ya juu. Nilieleza jinsi shamba letu la viazi la mafunzo linavyowapa wanafunzi ujuzi usiopatikana vitabuni. Nilipofika kifungu cha tisa, chenye kichwa "Kuinua Sifa za Walimu," neno "kuinua" lilinitosha. Nani anapinga kuinua? Nikaandika sentensi ninayoikumbuka mpaka leo, kwa maana niliipenda sana: "Kifungu cha tisa tunakiunga mkono kikamilifu, bila masharti wala kusita, na tunaomba kianze kutumika mara moja." Mkuu aliisoma barua akiwa amesimama, akatia sahihi akiwa bado amesimama.

Kumbe barua tamu haikai mahali pamoja. Katibu wa mkuu wetu alimtumia dada yake, ambaye pia ni katibu wa kampasi, lakini ya Embu, "uone tu vile watu wanaandika." Dada akamwonyesha bosi wake. Bosi alikuwa amebakiwa na siku moja, na rasimu ilikuwa bado kwenye bahasha. Akabadilisha jina la chuo juu na sahihi chini. Kutoka Embu ikateremka Mbeere, ikapanda tena, ikazunguka. Habari ziliponifikia kwamba barua yangu inasafiri kuniliko, sikukasirika hata kidogo. Mwenye diploma amewaandikia vyuo saba! Nilimsimulia kila mteja aliyekuja kuchukua viazi, na wengine walikuwa wameshasikia, nikawasimulia tena.

Siku ya mkutano wa Meru ukumbi ulijaa. Wakuu wa kampasi saba walikaa mbele, maprofesa nyuma yao, na sisi wa maabara na karakana tukakaa karibu na mlango, mahali petu pa kawaida. Mzee wa Rasimu hakutoa hotuba. Alisema amefurahishwa na barua alizopokea na angependa kuzisoma. Akasoma ya kwanza, ambayo ni yetu. Makofi yakapigwa, nami nikatazama chini kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao. Akasoma ya pili. Aya ya kwanza ilipoisha watu wakaanza kutazamana. Akasoma ya tatu kwa mwendo uleule, kituo kwa kituo. Alipofika ya nne, ukumbi ulikuwa unasoma pamoja naye chini kwa chini kama waumini kwenye ibada. "Kifungu cha tano, kinachokataza mtu kunakili kazi ya mwenzake," akasoma mzee, na ukumbi ukamalizia, "tunakiunga mkono kwa moyo wote!" Profesa mmoja alivua miwani akafuta machozi. Mzee mwenyewe alikuwa na namna yake ya kucheka. Hakutoa sauti. Mabega tu ndiyo yalipanda na kushuka.

Akainua ya saba. "Hii ni ya Kiritiri. Mkuu wa Kiritiri yuko?"

Mtu mnene mwenye suti ya buluu akasimama. "Niko, Mzee."

"Hongera. Hapa mnasema, 'shamba letu la viazi la mafunzo.' Liko sehemu gani ya Kiritiri?"

"Liko... hilo liko kwa mpango, Mzee."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Si unajua mambo ya Mbeere, Mzee. Tukipata maji tu."

"Mkipata maji mtaacha mbuzi?"

"Aa, mbuzi hatuwezi acha!" alisema mkuu wa Kiritiri kwa uchungu wa kweli, na watu wake wakapiga makofi.

"Basi mbona barua ya kampasi yako haina hata mbuzi mmoja?"

Ukumbi ukalipuka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Baite, jamani, mbuzi walikula barua ya kwanza!" na kelele zikaanza upya. Mzee alituacha tucheke mpaka tukachoka wenyewe. Kisha akafungua rasimu yenyewe, tofali lile, akasema nyote saba mmekiunga mkono kifungu cha tisa, basi aliyekisoma anyooshe mkono. Mikono yote ikapanda. Wangu ulikuwa wa kwanza. "Vizuri," akasema, "kwa hiyo hamtashangaa nikikisoma." Akasoma: "Hakuna mtu atakayefundisha darasani, maabara au karakana bila digrii ya pili. Walio kazini bila sifa hiyo wataondolewa katika ufundishaji kabla ya mwaka mpya wa masomo." Akafunga kitabu. "Nanyi mmeomba kianze mara moja."

Mstari wetu wa karibu na mlango ulikuwa na watu tisa. Kati yetu hakukuwa na digrii ya pili hata moja. Kulikuwa na diploma, kulikuwa na vyeti, na mikono. Mama wa maabara alikuwa ameketi kando yangu. Alikuwa akifundisha vipimo vya kemia tangu kampasi ilipokuwa vyumba vitatu na choo cha shimo, na wahadhiri wawili waliokuwa mle ukumbini, tayari na udaktari wao, walikuwa wamejifunza kushika chupa ya kupimia mikononi mwake. Alikuwa na mtoto mmoja sekondari na mwingine anayesubiri kuingia. Kwa kifungu kile angerudishwa kuhesabu chupa stoo, kama angebahatika. Alisimama, akavuta kitambaa chake kichwani vizuri. "Mzee, samahani. Ile barua ya kwanza iliandikwa na nani?"

"Imetiwa sahihi na mkuu wa kampasi," akajibu Mzee.

Mkuu wetu akatazama dari. Na mimi, niliyewasimulia wateja wote wa viazi, niliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Mzee akatangaza kwamba baada ya wiki mbili tutakutana Embu, na kwamba asiposikia jambo jingine huko atapeleka alichonacho, yaani ndiyo saba. Nje ya ukumbi mama wa maabara alinisubiri kando ya ngazi. "Fundi, ni wewe?"

"Ilikuwa kazi ya kamati, Mama."

"Kamati gani? 'Bila masharti wala kusita.' Nani mwingine anaongea hivyo hapa Meru?" Akanipita. Wiki nzima hakunisalimia, na karakana yangu na maabara yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao ambao hata chafya hupita. Kila nikimsikia akiwaambia wanafunzi, "Angalia mstari kwa usawa wa jicho, usiangalie kutoka juu," nilijua kwamba nimemfukuza kazi kwa mwandiko mzuri, na kwamba nimejifukuza na mimi.

Nikapanda Kibugu. Nilimkuta Mzee wa Rasimu kwenye kituo cha kununulia chai, juu kabisa karibu na msitu, ukungu umeshika miti, naye amekaa juu ya kreti, chai yake imemwagwa kwenye gunia mbele yake, anachambua jani moja moja. Karani wa kituo, msichana mwenye koti kubwa la mvua, alikuwa ameikataa. "Mwalimu, haya ni makubwa," nilimsikia akisema, "mimi nataka majani mawili na chipukizi, hata wewe unajua." Mabega ya mzee yalikuwa yakipanda na kushuka. "Amenikataa," akaniambia kwa furaha, kama mtu aliyetunukiwa. "Nilimfundisha takwimu huyu. Leo nimechuma mwenyewe, mkono wangu umeanza kukamata kila kitu. Kaa, Fundi. Chambua tukiongea."

Nikakaa na suruali yangu ya Uholanzi kwenye matope. "Mzee, nimekuja kwa jambo dogo. Ile barua yetu, ningeomba irudi kimyakimya, nirekebishe mstari mmoja tu."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na mwandishi ni nani?"

Nikachambua majani kama matano hivi. "Ni mimi."

"Ulikisoma hicho kifungu?"

"Nilisoma kichwa."

Hapo alicheka mpaka akapata sauti, jambo ambalo karani aligeuka kulitazama. "Fundi! Nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Nimeona watu wakinakili makosa ya wenzao. Lakini mtu kujiandikia barua ya kufutwa kazi, halafu ikapendwa mpaka wengine sita wakaifotokopi, hiyo nimeiona kwako."

"Nirudishie, Mzee. Mama wa maabara hataki hata kuniona."

Akaacha kucheka. "Siwezi. Ikitoka kimyakimya, kamati itaona sita zimekubali na moja imepotea. Kule nitakakoipeleka kimya kinaandikwa kama ndiyo. Njoo Embu, uyaseme mbele ya watu, niyaandike."

"Mbele ya maprofesa?"

"Kwani kuna watu wengine?"

"Niseme nini?"

"Hiyo ni kazi yako. Yangu ni kuandika." Akakusanya majani yaliyobaki, akampelekea karani. Karani akayapekua tena, hakumwonea haya, akayapima, akaandika. Mzee alishukuru kwa sauti ileile aliyopokea nayo kukataliwa. Nimefikiria sana siku hiyo tangu alipofariki. Yule karani alikulia kwenye mashina ya chai, alijua jani ni nini na mkono uliochoka ni nini, na alipokataa, kukataa kwake kulikuwa na maana. Viwango vyetu vya chuo vilikuwa vimeandikwa na watu wazuri waliokaa mbali na meza ya maabara, wakatutumia watuulize, na sisi tulioulizwa tukaona adabu ni kujibu ndiyo. Hakuna aliyetuonea. Tulipewa kalamu, tukaitumia kupamba.

Embu nilivaa suti. Mkutano ulipofunguliwa niliinua mkono haraka, kabla akili haijapata nafasi ya kunishauri. "Mimi ndiye niliyeandika barua," nikasema. "Zote saba."

Vicheko. Profesa mmoja wa kampasi yetu wenyewe, mtu wa ndevu nyeupe ninayemheshimu, akageuka kwenye kiti. "Kwani wewe una digrii gani, bwana Fundi?"

"Sina, Profesa. Nina diploma. Ya Uholanzi."

"Ya Uholanzi!" akadakia mtu wa nyuma. "Ndio maana viazi vilifika mpaka Kiritiri!"

Nilisubiri wamalize. Kusubiri huko kulinigharimu kuliko shamba. "Niliandika bila kusoma," nikasema. "Kifungu cha tisa kinaniondoa mimi, na hilo labda mnaweza kulivumilia. Lakini kinawaondoa watu wanaoijua kazi kuniliko." Maneno hayo ya mwisho yalitoka kama msumari wenye kutu, na waliokuwepo wanasema nilifumba macho.

"Lakini viwango ni viwango," akasema Profesa, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa ameona kampasi zilizoajiri shemeji na binamu. "Tukifungua mlango kwa diploma, kesho atapita nani?"

Mama wa maabara akasimama. "Profesa, naomba kukuuliza. Mizani ya maabara ikikataa kusoma sawa, unaita nani?"

Profesa akakuna ndevu. "Nakuita wewe, Mama."

"Na mwanafunzi wako wa digrii ya pili akishindwa kupima, unamtuma kwa nani?"

"Kwako."

"Na nikishaondoka?"

"Tutakuwa na shida, Mama. Shida kubwa."

"Ukurasa wa ngapi?" akauliza Mzee wa Rasimu kutoka mezani, kalamu tayari. Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania. "Shida hiyo ambayo nyote mnaijua, iko ukurasa wa ngapi wa barua zenu?" Kicheko kikaisha polepole kama maji yanayofungwa. Haikuwa kwenye ukurasa wowote. Na kabla hatujakaa, mama wa maabara akaongeza jambo ambalo hakuna kati yetu wanane aliyemtuma kusema. "Mimi siombi tuachwe tu. Kuna mwenye diploma hajui kitu, na kuna mwenye digrii tatu hajui kitu. Mtu aje akae darasani aone. Wanafunzi waulizwe. Asiyeweza aende."

Basi mzee akatoa karatasi nyeupe kwenye gunia lake, akagawa. Kila kampasi ikae na watu wake, wa mbele pamoja na wa mlangoni, iandike barua yake pale pale, kwa mkono. Alipita kati ya viti akisema, "Wewe wa Embu, angalia karatasi yako, nimekuona," na wakuu wa kampasi wazima wenye vitambi walifunika karatasi zao kwa kiwiko. Sijawahi kufurahi ukumbini kama siku ile. Barua ya Kiritiri ilikuwa mbaya kupindukia. Ilikatwakatwa, ilichafuka kwa wino, na ukurasa mzima ulimhusu mchungaji mmoja asiye na cheti chochote ambaye ndiye huwaonyesha wanafunzi wa mifugo jinsi ya kumshika mbuzi mgonjwa bila kumvunja mguu. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja peke yake, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Kifungu cha tisa kilirudi kutoka kwenye kamati kikiwa kimebadilika. Darasani digrii ya pili ilibaki. Maabara na karakana, mwenye diploma au cheti na uzoefu uliothibitishwa anaweza kufundisha, mradi kila mwaka mwenzake akae nyuma ya darasa amtazame, na wanafunzi waulizwe. Wote tisa tulibaki kazini. Wa kwanza kutazamwa, kwa maombi maalumu ya mama wa maabara, nilikuwa mimi, na aliyekuja kunitazama alikuwa Mzee wa Rasimu. Taarifa yake ninayo. "Mtambo anaujua vizuri sana. Wanafunzi wanamwelewa. Theluthi ya kipindi ilitumika Uholanzi. Arudie." Nilirudia muhula uliofuata. Nikaitaja Uholanzi mara moja, na ilikuwa lazima, nikapita, na taarifa ya pili nimeitia kioo kando ya diploma.

Tulimzika kwenye udongo mwekundu nyuma ya chai yake. Wale tisa wa mlangoni tulisimama pamoja. Wawili wamestaafu, mmoja alirudi shule akapata hiyo digrii ya pili, na sita tungali tunafundisha. Mkuu wa Kiritiri alipoombwa kusema machache alianza vizuri, akafika kwenye viazi, akashindwa kuendelea kwa kicheko, na binti za marehemu ndio waliocheka zaidi. Mchungaji wa kanisa alitusubiri tumalize. Nadhani hakuwa amewahi kuongoza mazishi ya namna ile.

Sasa viwango vinatengenezwa upya tena, kama ilivyo haki, kwa kuwa vya juzi navyo vimechakaa. Rasimu mpya inazunguka vyuoni. Hakuna tena haja ya katibu na dada yake, maana siku hizi kompyuta inamwandikia mtu jibu zuri kabla chai haijapoa. Nimeonyeshwa matatu, na yote yanaunga mkono kila kitu kwa furaha. Kwa hiyo, ninyi mnaonisoma mkiwa kwenye ofisi za vyuo, nawaomba mambo mawili niliyofundishwa kwa aibu yangu mwenyewe. Anayekuuliza maoni hajaja kutafuta sifa, na kumnyima ukweli kwa adabu ni kumdhulumu, na wewe pia ni kujidhulumu. Na usiridhike na jibu lako mpaka umempa alisome yule ambaye kifungu kitamkuta kazini, ukamwacha akukatalie.

Mimi rasimu mpya nimeisoma mpaka kiambatisho cha mwisho, siku nne, na nimeandika jibu la kurasa tano ambazo sijui ni nani mwingine mlimani hapa angeweza kuziandika. Nikampelekea mama wa maabara. Amelirudisha na wino mwekundu, limekatwa zaidi ya nusu. Alichokikata kilikuwa kizuri mno. Alichokiacha ni kweli. Nimetuma alichokiacha.